Kutoka fonti hadi picha pacha ya JPS: njia nne nilizojaribu Lamu, na ipi ikufae

Nina duka dogo la kuchapa na kubuni huku Langoni. Riziki yangu ni kadi za harusi, mabango ya Maulidi, stika za mashua na vibao vya nyumba za wageni. Nahodha mmoja anayetembeza watalii hadi Manda Toto alinijia na ombi ambalo sijawahi kuletewa: anataka kadi yenye jina la jahazi lake, kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na mgeni akichungulia kwenye kile kisanduku cha karatasi chenye lenzi mbili, jina litokeze kama la kushikika.

Fonti nilikuwa nayo. Nikaingia mtandaoni, nikakuta tovuti zinazoahidi kugeuza TTF (faili la fonti) kuwa JPS (faili la picha pacha, moja kwa kila jicho) kwa kubofya mara moja. Nikapakia faili, nikapokea faili, nikachapa, nikamwita yule nahodha.

"Ami, tazama."

Akachungulia. Akafuta lenzi kwa ncha ya kikoi, akachungulia tena. "Mwanangu, mimi naona herufi zimelala. Nasoma vizuri, lakini zimelala."

Nilipofungua faili lile kwa utulivu nikaona kosa. Nusu ya kushoto na nusu ya kulia zilikuwa picha ileile, pikseli kwa pikseli. Macho mawili yakipewa kitu kimoja bila tofauti yoyote, ubongo haupati kina. Charles Wheatstone alilionyesha hilo Uingereza tangu 1838 kwa vioo viwili na michoro ya mistari mitupu: kina tunachokiona kwa macho mawili huzaliwa na tofauti ndogo kati ya picha ya jicho hili na ya jicho lile.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, elewa unachokigeuza. Faili la TTF, aina iliyoletwa na Apple mwaka 1991 na kuingia kwenye Windows mwaka uliofuata, si picha. Ni mkusanyiko wa mistari ya kona na mikunjo inayozunguka kila herufi, imepimwa kwa vipimo viwili tu: kwenda kando na kwenda juu. Fonti nyingi za TTF hugawa mraba wa herufi vipande 2,048, na vipande vyote hivyo viko kwenye ubapa mmoja. Cha tatu, kina, hakimo. JPS nayo ni JPEG ya kawaida iliyobeba picha mbili ubavu kwa ubavu, na kwa desturi yake picha ya jicho la kulia hukaa upande wa kushoto, kwa ajili ya wale wanaotazama kwa kupishanisha macho. Kati ya faili hizi mbili lazima mtu aamue: neno gani, ukubwa gani, na litokeze kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo linalozitenga njia nne.

Tovuti za kugeuza faili

Sitazitaja kwa majina, zinafanana. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kusakinisha chochote, na simu inatosha. Ubaya ni kwamba hazikuulizi neno. Unapakia fonti, zinachora karatasi ya mfano: herufi za A hadi Z, tarakimu, pengine sentensi ya Kiingereza. Mtu aliyetaka jina la jahazi kwa khati ya naskh anapewa alfabeti ya mgeni. Halafu mkia wa jina la faili unabandikwa ".jps". Moja ya nilizojaribu hata nusu mbili haikutengeneza. Ilinipa picha moja yenye jina la uongo.

Kuna la kisheria pia. Leseni nyingi za fonti za kununua zinakataza kumpa mtu mwingine faili lenyewe, na kulipakia kwenye seva usiyoijua kunakaribia sana kufanya hivyo. Ukitumia fonti yenye leseni huria ya OFL, kama Amiri au Scheherazade New, hapo huna wasiwasi. Ila faida bado hupati. Njia hii ni ya mtu anayetaka kuona tu kama programu yake inafungua faili la JPS. Kwa kazi ya mteja, niseme wazi: hapana.

ImageMagick: ubao uliokatwa kwa msumeno

Hii ni programu ya bure isiyo na madirisha wala vitufe. Unaandika amri, inatii. Wengi wanaikimbia kwa sababu hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini kwa kazi ya herufi bapa zinazoelea mbele ya kadi, sijaona inayoishinda kwa wepesi, hata kwenye laptopu yangu kuukuu.

Unachora neno mara mbili. Kwa jicho la kushoto unalisogeza kulia kidogo, kwa jicho la kulia unalisogeza kushoto kwa kiasi hichohicho. Neno linatoka mbele. Ukifanya kinyume, linazama nyuma. Mfano, kwa picha yenye upana wa pikseli 1,500:

magick -size 1500x1000 xc:'#d8d0c0' -font Amiri-Bold.ttf -pointsize 220 -fill '#5a3a1e' -gravity center -annotate +12+0 'SUBIRA' kushoto.png

Rudia amri hiyohiyo, badala ya +12+0 uweke -12+0, na faili uliite kulia.png. Kisha unganisha:

magick kulia.png kushoto.png +append -sampling-factor 4:4:4 -quality 95 jina.jpg

Badilisha jina liwe jina.jps, basi. Angalia kwamba kulia imetangulia. Ukisahau hapo, herufi zitazama badala ya kutoka.

Tofauti ya jumla hapo ni pikseli 24. Wapiga picha za aina hii wana kanuni ya zamani ya thelathini: tofauti kubwa kuliko zote isizidi takriban sehemu moja ya thelathini ya upana wa picha, yaani pikseli 50 kwa picha hii. Mimi sifiki huko. Herufi zina kingo kali, na jicho linachoshwa nazo upesi kuliko mandhari ya miti na bahari. Na kamwe usisogeze juu au chini. Macho yetu yamezoea kukutana kwa kusogea kando. Tofauti ya wima, hata ndogo, inaleta kichwa kuuma.

Kasoro yake? Herufi zinatoka mbele, lakini zenyewe ni bapa, kama zimekatwa kwa msumeno kutoka ubao mwembamba na kuning'inizwa kwa uzi. Unaweza kupanga ngazi: jina lipewe pikseli 24, mstari wa chini 8, picha ya jahazi ibaki sifuri. Ngazi tatu zinatosha kumfanya mtazamaji ashangae. Ila unene wa herufi hutaupata.

StereoPhoto Maker ikisaidiana na GIMP

StereoPhoto Maker ya Masuji Suto ni programu ya bure ya Windows, na kati ya zote hizi ndiyo iliyoundwa na mtu anayejua picha pacha kwa undani. Yenyewe si ya kuchora herufi. Unamletea picha mbili, ya kushoto na ya kulia, naye anazilinganisha, anarekebisha wima, anabadilisha pande, kisha anahifadhi kwa JPS, MPO (aina nyingine ya faili la picha pacha, nitaieleza mbele) au picha ya miwani ya rangi mbili.

Kwa hiyo unachora neno kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kila mstari kwenye tabaka lake, unahifadhi nakala ya kwanza, unasogeza tabaka, unahifadhi ya pili. Matokeo ni yaleyale ya ImageMagick, ila hapa unaona kwa macho unachofanya. Ukiwa mtu wa kubuni kwa kuvuta na kuachia, njia hii itakupendeza zaidi. Mimi ninachompendea StereoPhoto Maker ni kukagua: kila faili, hata lililotoka kwingine, nalipitisha humo, naligeuza kuwa la miwani ya nyekundu na samawati, nalitazama kwenye skrini kabla sijachoma wino.

Blender: mchongo wa mlango

Ukipita barabara kuu ya mji wetu, wenye milango iliyoufanya uwe wa kutazamwa hata kabla UNESCO hawajauandikisha mwaka 2001, utaona tofauti kati ya jina lililopakwa rangi na jina lililochongwa. La kuchongwa lina bega, lina ukingo, jua la saa kumi linaliwekea kivuli. Blender, programu ya kuunda maumbo yenye kina, ndiyo njia ya kuchonga.

Ni ya bure, lakini ni jitu: faili la kusakinisha linazidi megabaiti 200, nami nalipakua usiku nikilala. Unaongeza kitu cha maandishi, unakipa faili lako la TTF au OTF (aina nyingine ya faili la fonti), unaongeza unene na kukata kingo kidogo, unaweka taa ubavuni. Tangu toleo la 2.75 la mwaka 2015 ina kamera ya macho mawili ndani yake. Kwenye mipangilio ya kutoa picha unawasha upigaji wa macho mawili, unachagua ubavu kwa ubavu, unawasha kile cha kupishanisha macho, unatoa JPEG, unaibadilisha mkia kuwa JPS. Hapa kina hukiigizi kwa kusogeza. Kinatokana na kamera mbili kuangalia umbo halisi.

Mtego unaowanasa wote wanaoanza uko kwenye tarakimu mbili. Blender inaanza na umbali wa macho wa mita 0.065, kama wa binadamu, na mahali pa macho kukutana pakiwa mita 1.95, ambayo ni mara thelathini ya huo, kanuni ileile ya juu. Lakini kamera ya mwanzo iko mbali na kitu zaidi ya mita 10. Ukiacha zilivyo, jina lote linazama nyuma ya skrini na unene wake hauonekani. Sogeza kamera karibu, au weka mahali pa kukutana palipo na herufi na umbali wa macho uwe sehemu moja ya thelathini ya hapo. Mimi nilipoteza Jumamosi nzima kabla sijalijua hilo, umeme ukikatika katikati.

Herufi za Kiarabu ndizo zinazoamua

Hapa ndipo ulinganisho wa mitandao mingi usipomfaa mtu wa Amu, yaani Lamu. Herufi ya Kirumi hukaa peke yake. Ya Kiarabu ina sura ya mwanzo, ya kati, ya mwisho na ya upweke, na kanuni za kuchagua sura zimo ndani ya fonti lakini programu lazima ijue kuzisoma. GIMP na Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari, zinajua. ImageMagick inajua ikiwa tu imejengwa na raqm, kipande cha programu kinachopanga sura za herufi. Andika magick -version, utazame orodha ya mwisho kama imo. Isipokuwepo raqm lakini ikawepo pangocairo, kipande kingine cha kazi hiyo, anza neno lako kwa "pango:" ndani ya amri.

Blender yenyewe hailiwezi. Maandishi yake hutoa herufi zimetengana na zimepangwa kinyume, mtu akadhani umemwandikia matusi. Dawa ni kuandika kwenye Inkscape, kugeuza maandishi kuwa njia, kisha, na hii ni muhimu, kuunganisha maumbo yote kuwa moja. Usipoyaunganisha, pale herufi zinapolalia kidogo mwenzake Blender inatoboa tundu, jina linakuwa na mashimo kama mbao iliyoliwa na mchwa. Hifadhi kwa SVG, faili la michoro ya mistari, iingize Blender, uikuze maana huingia ikiwa ndogo mno hata utadhani haikuingia.

Kagua pia kama fonti ina herufi tunazozitumia kuandika Kiswahili kwa Kiarabu: پ kwa p, چ kwa ch, ڤ kwa v. Fonti nzuri za kuandikia Kiarabu pekee wakati mwingine hazina, ukapata kisanduku kitupu katikati ya jina. Amiri inazo. Kuhusu nukta: siku moja nilizisahau kwenye tabaka jingine, zikawa zinaelea mbele ya herufi zake kama nzi juu ya halwa.

Kwa mwenye haraka, niziweke ubavu kwa ubavu:

| | Tovuti | ImageMagick | StereoPhoto Maker na GIMP | Blender |
|---|---|---|---|---|
| Nani anaweka kina | Hakuna | Wewe, kwa tarakimu | Wewe, kwa mkono | Kamera mbili |
| Unene wa herufi | La | La | La | Ndiyo |
| Kiarabu | Bahati nasibu | Ndiyo, ikiwa na raqm au pango | Ndiyo | Kwa kupitia Inkscape |
| Majina mengi kwa mkupuo | La | Bora kuliko zote | Inachosha | Inachosha sana |
| Kompyuta hafifu | Hata simu | Inatosha | Inatosha | Utangoja |

Faili gani ubaki nalo

JPEG iliundwa kwa picha za mandhari na nyuso. Kwenye ukingo mkali wa herufi inaacha vumbi, na kwa kawaida inapunguza taarifa za rangi, jambo linaloharibu sana picha za miwani ya rangi mbili. Ndiyo maana ya 4:4:4 kwenye amri ya juu. Nakala ya kuhifadhi iwe PNG, aina ya picha isiyopoteza kitu. Wapo wanaoiita PNS ikiwa na picha mbili ubavu kwa ubavu, na StereoPhoto Maker inaielewa. JPS iwe ya kupeleka.

MPO ni jambo jingine. Ni JPEG mbili kamili ndani ya faili moja, aina iliyowekwa na chama cha watengeneza kamera wa Japani mwaka 2009, na Nintendo 3DS, kifaa cha michezo cha 2011, inaisoma. Programu ya kawaida ikiifungua huonyesha ya kwanza tu, mteja akasema umempa picha moja. MPO mpe tu mwenye kifaa kinachoisoma.

Picha ya nyekundu na samawati ndiyo ya bango na ya simu ya mtu asiye na kisanduku. Nyekundu huwa jicho la kushoto. Usiandike nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu, mzimu wa jicho la pili utapenya kila ukingo. Tumia kahawia juu ya rangi ya mchanga, au kijivu juu ya kijivu. Na herufi yenyewe isiwe nyekundu: jicho moja litaiona, jingine halitaiona, yagombane.

Simu nyingi hazijui mkia wa .jps. Ukimtumia mtu, badilisha uwe .jpg, na kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti, la sivyo itakamuliwa hadi kina kipotee. Kisanduku cha karatasi cha simu nacho kinataka picha ya jicho la kushoto iwe upande wa kushoto, kinyume cha JPS. Kadi ya kuchapwa vilevile: zile za stereoskopi za zamani zilikuwa karibu sentimita 9 kwa 18, kushoto kwa kushoto, nami ndiyo saizi niliyoichukua.

Kazi zangu sasa nimezigawa hivi. Vibao vya majina ya nyumba za wageni, ambavyo huja thelathini kwa mara moja, natumia ImageMagick na orodha ya majina. Mteja akitaka kuketi kando yangu na kusema "kidogo mbele, kidogo nyuma", namfungulia GIMP. Jina moja lenye heshima yake, la jahazi au la mlango, nalichonga kwenye Blender, na gharama yake ni mara tatu, nasema mapema ili tusigombane.

Ya Ami niliifanya kwa Blender. Mara ya kwanza nilichapa kadi ishirini moja kwa moja kutoka kwenye JPS bila kubadilisha pande, na jina likazama ndani ya karatasi kama limechimbwa kwa patasi. Nikachapa nyingine. Zile ishirini alizichukua pia. Anasema ni za wageni wanaofika gatini wamechelewa.